Koti la Kufunika Waya

Koti hakufa na hawara. Na ianzie hapo, maana maneno ya mtaani yalianzia hapo hapo, yakapita saluni, yakapita kituo cha mafuta, yakaingia hata kwenye chumba cha walimu ambamo mkewe amekaa tangu ana kiuno chembamba. Walisema alikutwa garini na mwanamke kijana. Walisema mwanamke huyo alitoka hospitali amevaa koti la marehemu. La kwanza ni uongo mtupu. La pili ni kweli, na ukweli huo mmoja ndio ulioupa uongo miguu ya kutembelea.

Koti lilikuwa jina la utani, lakini alilizoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina lake la kitambulisho aligeuka kutazama ni nani aliyeingia. Duka lake liko kwenye kona pale lami inapoishia, linatazamana na kituo cha mafuta. Humo aliuza vifaa vya watu wanaopeleka magari mahali pasipo na barabara: wapima ardhi, wachimba visima, wapeleka dawa, na watu wa mjini wanaokwenda kulala porini kwa hiari yao wakati wana vitanda nyumbani. Winchi, zile mashine za kuvuta gari kwa waya, mikanda ya kuvutia, pingu za chuma za kuungia mikanda, jeki, mabeleshi, mbao za kuweka chini ya tairi, pampu za upepo. Vyote vilining'inia ukutani kwa mpangilio ambao ni yeye tu aliyeuelewa, na ole wake aliyeugusa.

Mteja akiingia na kuulizia winchi, Koti hakumpa winchi. Alimpa stuli.

"Kaa. Unakwenda na magari mangapi?"

"Moja."

"Nani anajua njia utakayopita?"

"Hakuna. Naenda kupumzika, mzee."

"Basi huendi kupumzika, unakwenda kupotea. Tafuta mwenzako kwanza, halafu tuongee vyuma."

Wengine waliudhika wakaondoka. Wengi walirudi na mwenzao.

Siku moja aliingia kijana mwenye gari jipya, ufunguo unazunguka kidoleni. Alitaka ile jeki ndefu nyekundu, kwa sababu kila gari kali alilowahi kuliona limefungwa jeki kama hiyo ubavuni.

"Gari lako lina mahali pa kuishikisha?" Koti akamuuliza.

"Sijui."

"Basi kwako hiyo si jeki, ni pambo. Nenda pale ng'ambo, wanauza hereni."

Duka zima liliangua kicheko, na kijana mwenyewe akacheka. Koti alimtoa nje, akamlaza chini ya gari lake akiwa na shati lake zuri vilevile, akamwambia amwonyeshe mahali atakapofunga mkanda siku akikwama. Kijana alitafuta weee, mwishowe akanyoosha kidole kwenye kile kirungu cha nyuma cha kufungia tela.

"Hapo?"

"Si ndipo penye kushika?"

"Hicho kimetengenezwa kivute mzigo unaokifuata kwa upole. Gari lililozama likivutwa kwa kishindo, kitakatika kiruke kama risasi. Na unajua kitaingia wapi? Kwenye kioo cha yule aliyekuja kukusaidia." Akajikunja, akampapasia hadi kwenye tundu lililoshikana na chasisi. "Hapa. Kila gari utakalopanda, kabla hujajua redio inawashwaje, jua hapa."

Hivyo ndivyo alivyochagua vifaa: alianza na gari, akafuata mtu, kifaa kikaja mwisho. Kipimo cha upepo wa tairi alikiweka mbele ya vyote. Alisema magari mengi yanayolia kwenye mchanga hayajakwama, yameshiba upepo tu. Yapunguzie, yatatoka yenyewe. Beleshi alitaka lenye mpini mrefu, lifike tumboni mwa gari bila mtu kuingiza kichwa. Mkanda wa kuvutia hakuuza kabla hajaupitisha mikononi wote, kutoka ncha hadi ncha, macho amefumba kama mtu anayesikiliza. Akihisi mchubuko hata mdogo, aliukata vipande viwili papo hapo, maana alisema mkanda mbovu ukiutupa mzima, kesho yuko mtu atauokota.

Lakini sheria yake kuu ilikuwa ya waya. Waya wa winchi unapovutwa, ufunike kwa kitu kizito katikati. Ukikatika, uzito ule huuangusha chini. Usipoufunika, unarudi kama fimbo ya chuma, na haubagui.

Sheria hiyo hakuipata dukani. Mwanzoni kabisa mwa ndoa yao waya ulimkatikia akiwa kazini, ukampitia karibu na sikio na kusambaratisha kioo cha gari. Alirudi nyumbani akaisimulia kama kichekesho. Mkewe, ambaye watu wote humwita Mwalimu, hakucheka. Alitoa cherehani, akakata turubai zito, akashona koti. Ndani aliweka blanketi. Nje alishona mifuko mikubwa, ya mbele na ya ubavuni, na mgongoni akapitisha utepe mwekundu ili lionekane kwa mbali. Lilikuwa koti la ajabu kweli. Akilivaa alionekana kama hema lenye kichwa.

"Ukifika penye kazi," alimwambia, "livue, jaza mchanga mifukoni, litandike juu ya waya. Ukilisahau koti hili, jua umenisahau mimi."

"Na kukiwa na baridi?"

"Tetemeka, urudi mzima."

Hakulisahau. Miaka yote ile, kila alipotoka kuvuta gari alirudi na mchanga mifukoni, akaumwaga sebuleni bila kujua, akakanyaga akausambaza mpaka chumbani. Mwalimu alilalamika sana kuhusu mchanga ule. Alifagia huku akisema kwa sauti ili asikike. Lakini kufagia kwenyewe kulikuwa na raha yake: mchanga ukiwa sakafuni, mume yuko nyumbani na waya ulifunikwa.

Baadaye vilikuja vifuniko vya waya vya kiwandani, vizuri, vyenye mifuko na vishikizo. Koti aliviuza kwa bidii na hakuna aliyeondoka na winchi bila kimoja. Wateja walimtania.

"Mzee, na chako kiko wapi? Mbona kwenye sanduku lako hakipo?"

"Changu nimekivaa."

"Hicho cha kiwanda gani?"

"Kiwanda chake kiko nyumbani, kinafundisha darasa la sita. Kina ukali, lakini bidhaa zake haziharibiki."

Kwa hiyo kwenye sanduku la vifaa la gari lake, ambamo kila kitu kilikuwa na chumba chake, pale penye kustahili kifuniko cha waya palikuwa wazi. Aliacha nafasi ile kusudi, akawa anawaonyesha watu kwa majivuno. Mwalimu akisimuliwa aliguna tu, lakini siku hiyo chai ilikuwa na maziwa mengi zaidi.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Dereva mmoja wa gari la kukodi alipiga simu dukani: amezama katikati ya korongo, na maji yanaongezeka. Koti alipakia akaondoka. Njiani alimpigia mkewe, aliyekuwa shuleni kati ya kipindi na kipindi.

"Mwalimu, naenda kumvuta mtu korongoni. Chakula changu nifunikie."

"Koti unalo?"

"Nimelivaa."

Kengele ikalia, akakata simu. Hilo ndilo neno la mwisho alilomsikia akisema.

Hospitalini muuguzi alimpa viatu, mkanda wa suruali na saa. Mumewe alikuwa amelazwa na shati tu, limelowa, na upande mmoja wa kifua haukuwa tena na umbo la kifua. Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Koti liko wapi?"

"Mama, humu ndani kuna joto," muuguzi akamjibu kwa upole, akidhani majonzi yamemvuruga.

"Sijasema nasikia baridi. Nauliza koti la mume wangu liko wapi."

Hakuna aliyejua. Lakini jirani mmoja aliyekuja kumtazama mgonjwa wake alikuwa amepishana mlangoni na mwanamke kijana, amejifunika koti la turubai lenye utepe mwekundu. Koti lile mji mzima unalijua. Jirani hakuuliza, alihesabu mwenyewe kichwani, na jibu alilolipata akaondoka nalo mbio.

Msibani watu walikuja wengi, wengine kwa machozi na wengine kwa masikio. Mwanamke mmoja alimwinamia Mwalimu, akamshika mkono na kumnong'oneza, "Pole, Mwalimu. Wanaume ndivyo walivyo."

"Labda wa kwako," Mwalimu akamjibu, akatoa mkono wake.

Wifi yake, dada wa marehemu, alimvuta jikoni. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kilio, lakini akili ilikuwa kwenye midomo ya watu.

"Wifi, nasema kwa wema tu. Tuseme koti liliibwa."

"Na nani?"

"Na wezi tu, nani mwingine."

"Wezi wa namna gani wanaiba turubai lenye viraka na kuacha saa?"

"Basi tuseme uliligawa zamani."

"Wifi yangu, miaka yote nafundisha watoto wa watu wasiseme uongo. Leo nianze mimi, tena nianze na maiti ya kaka yako?"

"Sasa tutawajibu nini?"

"Nikijua, nitajibu. Sijui."

Na hilo ndilo lililokuwa likimla. Habari ya hawara hakuiamini hata kwa dakika. Alimjua mume wake. Mtu anayeshindwa kuficha mchanga mifukoni ataficha nini? Lililomnyima usingizi ni jingine. Aliyelirudisha gari la Koti baada ya mazishi alisema waya ulikatika, na wakati unakatika haukuwa umefunikwa koti. Mtu aliyewaimbia wengine sheria hiyo maisha yake yote, siku yake mwenyewe hakuifuata. "Ukilisahau, jua umenisahau mimi." Alilisema neno hilo kwa mzaha wa bibi harusi, na sasa lilirudi likakaa naye mezani kila alipokula. Je, alimsahau?

Alikwenda dukani akafungua sanduku la vifaa, lililoshushwa kutoka kwenye gari. Pingu zilikuwa mahali pake, mkanda umekunjwa, glavu, beleshi, mbao zenye matope makavu. Waya uliokatika ulikuwa umezungushwa ovyo na mtu asiyejua kazi, Koti angemfokea. Na katikati ya vyote, ile nafasi. Kwenye rafu nyuma yake vilipangwa vifuniko vya kiwandani, vipya, ndani ya plastiki zake. Mkono ungefika bila mtu kuinuka kwenye stuli. Mwalimu aliufunga mfuniko wa sanduku na kuukalia, na hapo, mbele ya ukuta wa vyuma, ndipo alipolia kilio ambacho watu msibani walikingoja na hawakukipata.

Walikuja wiki iliyofuata, Mwalimu akiwa dukani mahali pa mumewe, wawili na nusu: yule dereva wa gari la kukodi, mwanamke kijana, na mtoto mchanga mgongoni mwake. Mwanamke alishika mfuko mkubwa. Hakuvuka kizingiti mpaka alipokaribishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingieni."

"Mama, nimechelewa. Siku ile ile mtoto alihamishiwa hospitali nyingine akalazwa, tumeruhusiwa jana." Akalitoa koti mfukoni, limepigwa pasi, limekunjwa kama shuka la harusi. "Nimekuletea la baba. Nimelifua."

Mwalimu alilipokea. Alilisogeza usoni bila kufikiri, kama alivyokusudia kufanya tangu siku ile hospitalini. Lilinuka sabuni. Halikunuka kitu kingine chochote.

"Umelifua vizuri," alisema.

"Nilikuwa natoka kujifungua, nakwenda kwa mama yangu," mwanamke akaanza. "Maji yakaingia garini mpaka kwenye viti. Baba alipofika aliingia majini, akanitoa mwenyewe, mimi na mtoto, akatuweka ndani ya gari lake. Mtoto alikuwa ameshakuwa wa buluu, mama. Halii. Baba akavua koti akatufunika wote wawili. Nikamwambia, na wewe baba? Akasema, mimi nina mwili wangu wa kutosha, kaeni humo."

Mwalimu akamgeukia dereva. "Wewe ulikuwepo waya ulipovutwa?"

"Nilikuwepo, mama."

"Alilisahau koti?"

Dereva alitazama chini. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na ilionekana kwamba njia nzima alikuwa akiomba asiulizwe hilo.

"Hakulisahau. Ningekuja kukwambia alilisahau ningekudanganya. Ndani ya gari langu kulikuwa na dawa za zahanati, maji yanapanda, alitaka tulivute kabla halijasombwa. Alifunga waya, akasimama, akajishika kifuani hivi, kama anayetaka kuvua. Akakuta shati. Nikamwambia, mzee, nikalichukue? Akaenda mpaka mlangoni, akachungulia kwenye kioo. Akarudi. Akasema, mwache, mtoto ameanza kupata joto."

"Hapakuwa na kitu kingine?"

"Pale ni uwanda mtupu, mama, hata tawi la mti hakuna. Alitandika kapeti la gari, lile la kukanyagia. Akanifukuza nikae mbali. Mimi nikasema tena, mzee, kapeti hili si jepesi? Akacheka. Akasema, mvuto mmoja tu."

Mwalimu alifumba macho. Mvuto mmoja tu. Alikuwa amemsikia akiwaigiza wateja wanaosema maneno hayo hayo, akiwapindia mdomo, akiwaambia makaburi mengi yamechimbwa na mvuto mmoja tu.

"Kile kitufe cha kuendeshea winchi kina waya wake mfupi wa umeme," dereva akamalizia. "Ilibidi asimame karibu. Kapeti liliruka kama karatasi."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akijaza mafuta na kucheka na mwenzake. Mwalimu alitamani kufarijika, na alitafuta faraja hiyo moyoni kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Hakumsahau. Hilo alilipata. Alilikumbuka koti, akaligusa mahali lilipokuwa, akaenda kulitazama kwa macho yake, na akijua kila anachokijua kuhusu waya, akaliacha. Angekuwa amesahau, angeweza kumsamehe kama anavyosamehewa mtu aliyesahau. Lakini mtu aliyejua na akachagua, na amechagua vema, unamwambia nini?

Mtoto alikohoa. Mama yake akamshusha mgongoni, akajishauri, kisha akamnyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Ukipenda kumshika, mama."

Mwalimu alimshika. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani na wa moto kama mkate. Alimtazama kila mahali usoni, kwa haki kabisa, akitafuta kitu kinachostahili bei iliyolipwa, na alichokiona ni mtoto tu, mwenye usingizi, ameng'ata ngumi yake mwenyewe.

"Mfunike vizuri," alisema, akamrudisha. "Nje kuna upepo."

Walipoondoka alilitandaza koti juu ya kaunta. Aliigeuza mifuko nje, mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye pembe za mishono ambako mchanga hujificha hata ufue vipi. Hapakuwa na chembe. Msichana alikuwa amelifua kwa mikono ya mtu anayeshukuru.

Koti sasa limetundikwa dukani kwenye msumari, mgongo umetazama mlango, na ule utepe mwekundu unaonekana mpaka kituo cha mafuta. Wifi alipoliona alishtuka.

"Wifi, si watu wataliona?"

"Ndiyo kazi ya msumari."

"Na wakiuliza?"

"Wataambiwa mara moja."

Na wameambiwa. Aliyeuliza aliambiwa kama ilivyosimuliwa hapa, bila kupunguza wala kutia chumvi. Wengine waliona haya. Yule jirani wa hospitalini amebadili njia ya kwenda sokoni. Lakini wapo ambao ukweli hauwatoshi, na juzi mwenye saluni aliingia, akajifanya anatazama glavu, akaegemea kaunta.

"Mwalimu, mimi na wewe ni watu wazima. Yule dada na marehemu, kweli kabisa hakukuwa na kitu? Hata kidogo? Mtu hawezi kumpa mtu baki koti ambalo…"

Mwalimu alikuwa na mkanda wa kuvutia mikononi, anaupitisha polepole, macho amefumba, kama alivyofundishwa. Aliyafumbua.

"Una gari?"

"Sina."

"Umekwama mahali?"

"Hapana."

"Basi humu hamna chako."

Akafumba macho tena, akaendelea na mkanda. Yule mwanamke alisimama, akasubiri, akakohoa, mwishowe akatoka. Na kwa wengine wote wanaosubiri: yaliyopaswa kusemwa yameshasemwa. Zaidi ya haya Mwalimu hasemi, na asiulizwe tena.